Kitambaa cha Kiti cha Beni

Butembo, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Eliane, mukamwana wangu,

Amani ya Bwana iwe humo nyumbani, na joto la Beni lipungue kidogo ili uisome barua hii bila kujipepea nayo. Huku ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Ninaandika nimejifunika shuka mbili na bado vidole vinalalamika.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu ya mume wako inasikilizwa na duka zima, na mimi sina maneno ya kuwagawia wateja wa samaki. Tena mfuko haupiti kwenye simu, na leo nina mfuko.

Ndio huo aliokuletea Ananie dereva. Ni mabaki ya nyuzi. Unalijua gunia langu la nyuma ya mlango, limejaa mpaka mlango haufunguki vizuri, na Bénie ananiambia nitupe. Nitupe? Bluu ni ya triko za wanafunzi, zile sweta za shule. Kijani ni ya kwaya ya wamama. Ile ya kijivu ni ya Malachie, mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Rughenda, ambaye kifua chake kilinimalizia nyuzi nikaenda kununua nyingine, na hizo nyingine ndizo zilizobaki. Hakuna mtu aliyepimwa kifua nyumbani kwangu asiyekuwamo katika gunia hili.

Nataka unifumie kitambaa cha kiti. Fuma vipande vidogo vya pembe nne, kila kimoja na rangi yake, halafu uviunge. Kroshe nilikufundisha mwaka ule wa ndoa ulipokaa kwangu, usiniambie umeisahau. Mimi mikono yangu sasa inapenda kazi ya moja kwa moja, mabaki yanataka mtu mwenye subira.

Wifi yako Bénie ni mzima. Siku hizi tumbo lake ndilo linaloingia kanisani kwanza, yeye anafuata.

Manassé alipopita huku alisema hauli tena samaki. Mke wa muuza samaki asiyekula samaki. Nilicheka, sikuuliza zaidi.

Mimi mama yako,
Katungu

*

Beni, tarehe 20 mwezi wa pili 2024

Mama,

Nimepokea barua na mfuko, wasingya kutsibu, asante sana. Ananie aliubeba kichwani akapita nao mtaa mzima, na jirani yangu akauliza: “Mama Katungu anatuma triko Beni? Huku tuko tunavaa nini, si jasho?” Nikamwambia ni vitambaa vya viti. Akasema viti vya Beni vitapata homa.

Kroshe sijaisahau. Nimeshafuma vipande vichache, bluu na kijani. Kijani ya kwaya inakwaruza kidogo. Sijui wale wamama wanaimbaje ndani yake.

Habari ya samaki si kitu, Mama. Ni tumbo tu limekataa, labda ni maji. Manassé anasema maneno mengi akifika kwako kwa sababu unampikia.

Nimefurahi kusikia Bénie ni mzima. Mungu amfikishe salama.

Nikupeleke kitambaa kikiisha, au utakuja kukichukua mwenyewe? Haujaja Beni tangu ule mwaka wa msiba.

Wako,
Eliane

*

Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Eliane,

Salamu nyingi. Ananie anasema umekonda usoni. Nimemwambia aangalie barabara.

Kijani ya kwaya iweke pembeni, iende ukingoni. Nakutumia uzi mwingine, mweupe na waridi, ni laini, niliununua kwa mwanamke aliyekuwa akifunga duka. Huo ndio uuweke katikati. Na sasa unisikilize vizuri juu ya namna ya kufuma, maana nakujua, unapenda maua yenye matundu makubwa.

Matundu makubwa hapana. Fuma kwa kubana, kidole kisipite. Mikia ya nyuzi ifiche ndani, ishone mara mbili, isije ikatoka ikaingia kinywani. Kila kipande ukifue kwa sabuni ya kawaida, ile isiyonukia, na ukianike juani mpaka kikauke kabisa. Tena kazi hii ifanye umekaa, miguu juu ya kigoda. Ndoo za maji Manassé anaweza kubeba, ana mikono miwili kama watu wengine.

Kitambaa kisiwe kikubwa. Kiti chenyewe ni kidogo.

Na jambo lingine. Ile triko ndogo ya manjano iliyo kwako, mpe Ananie aniletee. Nimekosa rangi ya manjano.

Mama yako,
Katungu

*

Beni, tarehe 14 mwezi wa tatu 2024

Mama,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kujibu, ili nisijibu vibaya. Kama nitakosa heshima, unisamehe mwanzoni, maana mwishoni huenda nisiweze kuomba.

Kwanza sielewi kiti gani hicho. Nimekaa kwenye viti vyako vyote. Hakuna chenye vidole, wala chenye kinywa. Nikamsomea Manassé, akainamia sahani yake.

Lakini si hilo. Soko lote la Butembo liko mlangoni pako, na wewe umekosa rangi ya manjano. Triko ile uliifuma Précieux alipofikisha mwezi mmoja. Aliivaa kila asubuhi ya baridi tulipokuwa kwako, mpaka tukarudi Beni, mpaka ile homa. Ndiyo kitu pekee cha mwanangu nilichobaki nacho. Najua Bénie anakaribia kujifungua. Ningefurahi kumfumia mtoto wake kitu kipya kwa mikono yangu. Lakini triko ya Précieux kuvalishwa mtoto mwingine, Mama, siwezi. Hata ukinikasirikia.

Na kwa kuwa nimeshafungua kinywa, nimalize. Wakati ule uliniita Mama Précieux, jikoni, barabarani, mbele ya mchungaji. Baada ya kumzika, watu wa Beni waliacha mmoja baada ya mwingine. Nilidhani kwako jina langu litabaki. Sasa barua zako zote ni Eliane, Eliane, kama msichana ambaye hajaingia nyumbani mwako bado. Sikukwambia, mais nimeliona kila mara.

Kitambaa nitakimaliza kwa sababu nilikubali.

Eliane

*

Beni, tarehe 2 mwezi wa ine

Mama,

Mimi hapana mutu wa barua, unanijua, donc nitasema mufupi. Mulifanyizana nini, weye na Eliane? Tangu ile barua ya triko anafuma tu, mwenye kumusemesha anajibiwa na kroshe. Ile triko ameitoa mu valizi, ameiweka chini ya muto wake.

Kuko kitu kingine. Niliapa kama sitakisema. Sisemi. Mais kama ungekijua, haungeandika namna ile.

Samaki ya Kyavinyonge ni chache wiki hii, ziwa lina upepo. Nakutumia kidogo.

Manassé

*

Butembo, tarehe 9 mwezi wa nne 2024

Mama Précieux,

Nimeandika jina hilo, nimeliangalia, nimeliacha hapo hapo. Nianzie nalo.

Baada ya msiba ulikaa kwangu kidogo, unakumbuka. Siku moja nilikuita hivyo ukiwa unakoroga fufu, ukaacha mwiko ndani ya sufuria ukatoka nje, na fufu ikaungua. Nikajiambia, Katungu, jina hili linamuumiza, liondoe kinywani. Nikaliondoa. Nilidhani nakuonea huruma. Ilinipasa kukuuliza, sikukuuliza, kwa sababu mimi nikiogopa machozi ya mtu natafuta kazi ya kufanya. Kumbe wewe ulikuwa unangoja kuitwa. Nisamehe, mwanangu.

Sasa kiti. Nilikijua kiti hicho tangu Manassé aliposema habari ya samaki. Nilipokuwa na mimba yake yeye, sikuweza kupita karibu na mahali panapouzwa samaki, nilizunguka mpaka juu ya kilima na mzigo mgongoni. Lakini kwetu mimba haitajwi na mtu mwingine kabla mwenyewe hajaitaja, na mtoto hafumiwi nguo kabla hajalia. Wewe ulinyamaza, na baada ya yaliyokupata una haki ya kunyamaza. Mimi nifanye nini na mikono yangu? Nikafuma maneno, nikakutumia kiti. Kitambaa cha kiti si nguo ya mtoto, hakuna anayeweza kunilaumu.

Na triko. Nilitaka uzi wake, siyo triko yenyewe. Nilitaka uzi ule wa manjano ukae katikati ya vile vipande, ili huyu anayekuja afunikwe na kaka yake, na ajue tangu mwanzo kwamba hakuwa wa kwanza. Ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini nisingeweza kutaja triko bila kumtaja mtoto, na mtoto nisingeweza kumtaja kabla yako. Basi nikaandika kwamba nimekosa manjano. Nimeuza triko sokoni miaka mingi, nimezoea kuomba kitu kama mtu anayepatana bei. Maneno yangu yalikuwa makavu, na wewe umeyasoma yalivyoandikwa.

Bénie amejifungua mvulana. Amevalishwa nguo nyeupe za dukani ambazo baba yake alizinunua kwa majivuno mengi. Hakuna uzi wa Précieux mwilini mwake, wala sikuwahi kufikiri hivyo.

Triko ikae kwako. Siiombi tena. Ukitaka iwe chini ya mto mpaka mwisho wa dunia, huo ni mto wako.

Kama nimekosea habari ya kiti, chana barua hii. Kama sikukosea, kula hata viazi, na miguu iwe juu ya kigoda.

Mama yako,
Katungu

*

Beni, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Mama,

Hukukosea. Mimba inaingia mwezi wa tano.

Barua yako niliisomea jikoni nikalia, halafu nikasoma tena ile ya kwanza, pale pa gunia la nyuma ya mlango na kifua cha Malachie, nikacheka, maana niliziweka barua zako zote pamoja. Barabara ilifungwa kwa ajili ya risasi kule njiani, ndiyo sababu jibu limechelewa, siyo hasira. Hasira iliisha kwenye mstari wa fufu. Sikumbuki kuungua kwake. Nakumbuka tu kwamba niliposikia lile jina nilitaka kulisikia tena, nikatoka nje ili nisikuombe.

Nikwambie kwa nini nilificha. Ile mimba nyingine, iliyotoka mwaka jana, niliitangaza mapema. Kanisa lote liliniombea kwa jina. Ilipotoka nilibaki na kazi ya kuwaambia mmoja mmoja, sokoni, kisimani, hata yule mzee anayefagia kanisa aliniuliza mtoto anachezaje tumboni. Nikaapa kwamba safari hii ni Manassé peke yake, na nikamwapisha. Anateseka, maskini. Kila mtu akimuuliza habari zangu anazungumza habari za samaki.

Kuhusu triko. Baada ya kusoma maneno yako niliitoa chini ya mto nikasema nitaifumua mwenyewe. Nilianza pale chini, kwenye kiuno. Nilivuta, nikavuta, uzi ukakaza tu. Nikaangalia mishono yako, jinsi ulivyobana pale shingoni isimwingie baridi. Siku Précieux alipotutoka, triko hii ilikuwa kwenye kamba. Nilikuwa nimeifua asubuhi ile nikidhani homa itashuka. Kwa hiyo haina hata harufu yake, Mama. Kila mtu anadhani nanusa harufu yake humo. Inanuka sabuni. Nimebaki na sabuni.

Sasa naituma kwako kwa Ananie, nimeifunga ndani ya kitambaa cha kichwa. Wewe ndiye uliyefunga fundo lake la mwisho. Mimi sikulipata.

Vipande vyangu vimekamilika karibu vyote. Vya pembeni ni kijani ya kwaya, kama ulivyosema. Katikati nimeacha nafasi moja.

Mukamwana wako,
Mama Précieux

*

Butembo, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Mama Précieux,

Triko haifumuliwi kuanzia pale ilipoanzwa. Inaanzia pale ilipomalizikia, ndiyo maana ilikukatalia. Fundo lilikuwa shingoni, ndani, upande wa kushoto. Nililikata na wembe, nikakaa nalo kidogo, kisha nikavuta, ikafunguka yote bila kukwama mahali popote.

Uzi ukifumuliwa unatoka umejikunja kunja, unashika umbo la nguo. Nimeuosha kwa maji ya vuguvugu, nimeuning'iniza na jiwe dogo chini ili unyooke. Bénie aliingia akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa kiti. Akatazama manjano ile, akatazama jiwe, akakaa chini karibu nami. Wifi yako si mjinga.

Nimeukunja, unarudi kwako. Ni donge kama kitunguu, mtoto mwenyewe alikuwa mdogo. Kipande cha katikati sikifumi mimi. Mikono yangu ingeweza, lakini hapo ni mahali pa mama yake. Fuma kwa kubana.

Mwezi wa kumi nitakuja Beni. Nimemwambia Ananie kiti cha mbele ni changu, sipandi nyuma na mbuzi.

Katungu

*

Beni, tarehe 27 mwezi wa munane

Mama,

Eliane iko ku materinite tangu jana. Ni mbele ya wakati, wiki mingi mbele. Baganga banasema tungoje. Aliondoka na mufuko wa kitambaa, upande mumoja haujaungwa bado, alikatala kuuacha.

Barabara imefungwa tena, donc usipande gari ya mutu yeyote, hata Ananie. Nakuomba, Mama. Siwezi kuogopa juu ya bawili.

Omba tu.

Manassé

*

Butembo, tarehe 29 mwezi wa nane 2024

Manassé, mwanangu,

Barua yako imekuja na mtu wa pikipiki, na huyu huyu anarudi na hii. Simu yako haipatikani. Nimeipiga mpaka Bénie ameninyang'anya.

Sitapanda gari. Nimevaa viatu na nimekaa navyo.

Kama ni mdogo, mfungeni kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kitambaa juu yao wote wawili, hata kama Beni inachemka. Mtoto aliyewahi hana joto lake mwenyewe, anaazima. Mwambie mke wako hivi, neno kwa neno: mama yako hajafanya kazi yoyote leo. Ataelewa.

Mama

*

Beni, tarehe 6 mwezi wa tisa 2024

Mama,

Manassé aliniambia neno kwa neno. Nilijua basi kwamba umekaa tu mahali na machozi yako, hukukimbilia sindano. Nililia kwa ajili yako kabla ya kulia kwa ajili yangu.

Simu imerudi na najua umeshasikia kwamba tuko wazima. Lakini kwenye simu mlipiga kelele wote, Bénie na kwaya nzima, sikuweza kusema. Nikuandikie sasa, yeye amelala.

Ni msichana. Ni mdogo kweli, nguo zote za jirani zinamvuka mikono na miguu. Tulifanya ulivyosema, ngozi kwa ngozi, na kitambaa juu. Muuguzi mmoja aliingia akasimama: “Mama, bulangeti ya sufu, na hili joto?” Mwenzake, mwenye asili ya Lubero, akagusa vile vipande, akamwambia: “Acha. Iyi ni kazi ya batu ba baridi, banajua.” Tulikaa hivyo siku na siku, mimi na jasho langu na yeye na joto langu, chini ya wanafunzi wa Butembo na wamama wa kwaya na Malachie wa Rughenda. Siku ya kwanza aliyonyonya bila kuchoka, Manassé alitoka nje akamwambia kila mtu aliyekuwa uani, hata wasiouliza. Miezi yote ya kunyamaza ilimtoka siku moja.

Nina jambo la kukwambia, usinikasirikie. Kipande cha katikati sikukifuma kwa kubana. Nilijitahidi, mais kila nilipoushika uzi ule wa manjano sikuthubutu kuukaza, mishono ikatoka mipana, matundu makubwa, kama yale uliyonikataza. Nilitaka kukifumua nirudie. Uchungu ukanikuta kabla.

Asubuhi ya leo nilimwona amekitafuta kwa mkono wake. Ameingiza kidole kimoja ndani ya tundu la manjano, amekikunja, amelala nacho. Nilijaribu kumtoa taratibu, nikaogopa uzi utamkata. Hakuachia. Akakaza.

Basi nimemwacha. Ameshikwa na kaka yake, au yeye ndiye aliyemshika, sijui. Nimekaa hapa karibu naye, miguu juu ya kigoda, ninakuandikia kwa mkono mmoja.

Tumemwita Providence. Barabara ikifunguliwa, uje, Mama. Upande mmoja bado haujaungwa, nimeuacha kwa ajili yako. Na ukija utakiona mwenyewe kiti chako, kina vidole vyote.

Wako,
Mama Précieux na Providence